Tununue mashini ya kukata herufi, ao tukate wenyewe?

Mwezi wa nane, mbele ya masomo kufunguliwa, nilikuwa Mutarule kwa kazi yangu ya kawaida: kuangalia mbegu za sezo A. Tulikaa chini ya mwembe, memba wa koperative upande mmoja, walimu wawili upande wa pili. Walimu hawakuja kwa mambo ya mbegu. Mmoja wao, mama anayefundisha darasa la pili, alitoa simu akatuonyesha video. Mwalimu wa Marekani amekaa mezani na mashini ndogo. Mashini inakata herufi za rangi, nyota, wanyama na ramani. Anazibandua, anazibandika darasani, na ukuta wote unapendeza.

"Wababa na wamama," mwalimu akasema, "watoto wetu hawana kitu cha kuangalia ku ukuta. Koperative iko na makuta ya mavuno. Mutusaidie tununue mashini kama hii."

Watu walinyamaza. Makuta ya mavuno ni makuta ya mbolea, ya kukodi trakta, ya kusaidia memba aliyefiwa. Lakini watoto wanaosemwa ni watoto wao. Mzee anayechunga sanduku la koperative alinigeukia: "Agronomu, wewe umesoma. Tununue ao tuache?"

Sikuwa na jibu. Nilisema nitaenda Uvira kuona mashini yenyewe, halafu nitarudi. Makala hii ni jibu nililorudi nalo. Ninaiandika kwa koperative zote za Bonde la Ruzizi, kwa sababu ombi kama hilo linaweza kufika kwenu pia. Tangu serikali ilipoanza kutekeleza masomo ya bure katika shule za msingi mwezi wa Septemba 2019, watoto wamejaa darasani, lakini vifaa havikuongezeka kama watoto.

Mashini inafanya nini

Wengi wetu tumeshaona kazi ya mashini hii bila kujua jina lake. Maandishi ya rangi kwenye tanki la pikipiki, jina la famasi kwenye kioo, namba ya simu kwenye mlango wa gari: mengi yanatoka huko. Karatasi inayokatwa si karatasi kweli. Ni plastiki nyembamba inayoitwa vinili. Nyuma yake kuna gundi, na nyuma ya gundi kuna karatasi ya kuikinga.

Unachora herufi katika kompyuta. Mashini inavuta vinili mbele na nyuma, na kisu kidogo sana kinafuata mchoro. Kisu kinakata plastiki tu, karatasi ya nyuma inabaki nzima. Halafu kazi ya mkono inaanza: kutoa kwa sindano vipande visivyotakiwa, kubandika juu yake karatasi nyingine ya kuhamishia herufi, kubandua yote pamoja na kuipeleka mahali pake. Katika atelye moja ya matangazo mjini Uvira, kijana aliyenionyesha kazi alisema mashini inakata kwa dakika chache, lakini kusafisha herufi kunakula saa nzima.

Mashini za atelye zinachukua vinili ya upana wa sentimita 60 au zaidi. Zile ndogo za kwenye video, kama Cricut ambayo walimu wa Marekani wanaipenda sana, zinachukua kama sentimita 30. Ni vyombo vizuri. Swali letu ni kama ni vizuri kwa Mutarule.

Mambo manne ya kuhesabu

Kabla ya kununua chombo chochote, mashini ya kukoboa mpunga ao pompi ya maji, tunauliza mambo yaleyale. Tuyaulize hapa pia.

La kwanza ni chakula cha mashini. Mashini peke yake haifanyi kitu: inataka kompyuta, umeme usiokatika katikati ya kazi, visu vya kubadilisha, na vinili. Vinili inatoka mbali. Siku roli inakwisha na makuta hayapo, mashini inakuwa kiti cha kuku.

La pili ni mwenye programu. Mashini nyingine za nyumbani zinafanya kazi kwa programu ya kampuni yenyewe, na kwa mambo mengi zinataka intaneti. Mwezi wa Machi 2021 kampuni ya Cricut ilitangaza kwamba mtu asiyelipa kila mwezi ataweza kuingiza michoro yake 20 tu kwa mwezi. Wateja walilalamika sana, na kampuni ikaacha mpango huo. Lakini tujifunze: unaweza kununua chombo, na mwingine akabaki na ufunguo.

La tatu ni ukuta. Vinili inashika kwenye kitu laini na safi: kioo, bati lililopakwa rangi, plastiki. Ukuta wa matofali mabichi unatoa vumbi, na gundi inashika vumbi badala ya ukuta. Kwa joto na vumbi la kiangazi hapa kwetu, kabla ya muhula kwisha herufi zitakuwa chini.

La nne ni bei. Mashini ndogo na kompyuta yake ni mamia ya dola. Msichukue hesabu yangu, chukueni bei ya mpunga ya mwezi huu sokoni Sange ao Luberizi, mgawanye. Mtaona ni mifuko mingapi, na ya nani.

Hapo ningeweza kumaliza na kusema: muache. Lakini "muache" haimfundishi mtoto kusoma.

Mtoto aliyeimba ukuta

Siku ileile chini ya mwembe, mama mmoja wa koperative alisema neno ambalo lilinipa njia. Binti yake, alisema, anasoma ukuta wote wa darasa bila kosa: a, e, i, o, u, ba, be, bi, bo, bu. Mama akafurahi. Siku moja akamwonyesha herufi "b" kwenye mfuko wa unga nyumbani. Mtoto akaitazama, akanyamaza. Alikuwa ameukariri ukuta kama wimbo. Herufi yenyewe hakuijua.

Walimu wote wawili walitikisa kichwa. Wanajua watoto wengi wa namna hiyo.

Kwa hiyo shida si ukuta mtupu tu. Herufi iliyobandikwa, hata iwe ya rangi namna gani, inakaa mahali pake siku zote, na mtoto anajifunza mahali. Mtoto anahitaji herufi inayotembea: aishike, aihamishe, aichanganye na nyingine, atengeneze neno, alivunje, atengeneze lingine. Mashini ya stika ni hodari wa kubandika, na kubandika si kitu tunachokosa zaidi.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1907, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto wadogo. Kwa kuwafundisha kusoma alitaka herufi nzuri za mbao, lakini hakupata kiwanda cha kuzitengeneza. Basi yeye na walimu wake wakakata herufi kwa karatasi, na nyingine kwa karatasi ya msasa ili mtoto azipitishie kidole. Akakuta kwamba karatasi ni bora, kwa sababu ni rahisi: mtoto anaweza kupata herufi nyingi za kutengeneza maneno mazima. Leo herufi za namna hiyo zinauzwa dunia nzima kwa bei kubwa, lakini zilianza kwa mkasi na ukosefu.

Tufanye kama mbegu

Wakulima wanajua jambo moja ambalo wauza mashini hawalijui. Hakuna koperative inayojenga kituo cha utafiti ili ipate mbegu ya hekta mbili. INERA inafanya utafiti na kutoa mbegu ya mwanzo, wazidishaji wanaizidisha, SENASEM inakagua, mkulima anapanda. Kitu kigumu kinafanywa mara moja na mwenye chombo. Kuzidisha tunafanya wenyewe.

Herufi nazo ni hivyo. Kitu kigumu ni umbo zuri, lililo sawa, ambalo mtoto hatalikosea. Hilo tulipe atelye ya mjini itukatie mara moja. Kuzidisha kufanyike Mutarule, kwa kartoni, mifuko na mihogo.

Nusu mita ya vinili ya upana wa sentimita 60 inatosha kwa herufi ndogo zote, herufi kubwa zote na namba 0 hadi 9, kila moja ya urefu wa sentimita 5. Hiyo ndiyo mbegu yetu ya mwanzo. Usiibandike ukutani. Fanya hivi:

1. Tafuta picha za zamani za radiografi ambazo wenyewe wamekubali kuzitoa. Loweka katika maji ya javeli mpaka weusi utoke, jina la mgonjwa lisibaki, kisha suuza vizuri. Ni plastiki ngumu kidogo lakini inakatika. Ukikosa, chukua ubavu wa bidoni nyembamba ya maji ao ya mafuta ya kula.

2. Bandika kila herufi ya vinili juu ya kipande chake cha plastiki. Weka juu ya ubao, ukate kwa wembe ukifuata ukingo wa vinili. Kazi hii ni ya watu wazima. Sasa una kiolezo, yaani plastiki yenye tundu la umbo la herufi.

3. Herufi kama a, b, d, e, o, p zina tumbo. Ukikata kila mahali, tumbo linaanguka. Acha vidaraja viwili vyembamba vya kulishika. Baada ya kupaka rangi, jaza alama ya vidaraja kwa kijiti, mtoto asifikiri kwamba herufi imevunjika.

4. Kata kona ya juu, mkono wa kushoto, ya kila kiolezo. Usiisahau hatua hii. Plastiki haina mbele wala nyuma: "b" ukiigeuza inakuwa "d", ukiipindua juu chini inakuwa "q". Kona iliyokatwa ikiwa si juu kushoto, simama.

Rangi, gundi na mchanga

Gundi iko mashambani kwetu. Chukua kikombe 1 cha unga wa mihogo uliochekechwa sana na vikombe 8 vya maji. Koroga unga kwanza na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha maji mengine, mimina unga polepole ukikoroga, mpaka uji uwe mzito na kung'aa. Ukipoa, ni gundi. Itumie ndani ya siku mbili ao tatu, ikikaa inachacha. Na vitu vilivyobandikwa nayo viwekwe katika sanduku linalofunga, panya na mende wanaipenda.

Saga makaa laini, chekecha kwa kitambaa, changanya na gundi kidogo: hiyo ni rangi nyeusi ya kartoni. Kata kartoni vipande vya sentimita 7 kwa 7. Weka kiolezo juu, chovya sponji kidogo, gonga-gonga. Usipake kwa kupangusa, rangi itaingia chini ya kiolezo na kuharibu herufi.

Kwa herufi za kupitishia kidole, paka gundi badala ya rangi, halafu nyunyiza mchanga mlaini uliooshwa na kukaushwa. Ikikauka, kung'uta. Mtoto akifunga macho anaijua "m" kwa kidole chake. Roma walitumia msasa, sisi tuna mchanga wa mto.

Kwa ukuta, kama mnautaka, kata mfuko mweupe wa nailoni wa mchele, uoshe, kunja ukingo na kuushona ili nyuzi zisifumuke. Paka herufi kwa rangi ya mafuta, rangi ya makaa haishiki kwenye nailoni. Shona vifuko virefu vya kuingizia vipande vya kartoni. Mfuko unaning'inia kwa misumari miwili, jioni unakunjwa na kuwekwa mahali salama. Sasa ukuta nao unatembea.

Ngapi kwa kila herufi

Hapa tusiige seti za dukani. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inatambua lugha zetu za taifa kuwa lugha za kufundishia, na Kiswahili hakitumii herufi sawa na Kifaransa. Andika "mama anapanda mahindi". Herufi ni 19, na "a" ni saba kati yake! "E" haimo hata moja, wakati katika Kifaransa "e" ndiyo inatumika kuliko zote. Mtoto mwenye "a" mbili tu hawezi kuandika hata maneno "mama" na "baba" pamoja.

Kwa kikundi cha watoto watano, anzeni hivi: "a" 15, "i", "u", "n", "m" na "k" 8 kila moja, "e", "o", "w", "l", "t", "s", "h" na "y" 5 kila moja, zilizobaki 3 kila moja. "Q" na "x" zingojee Kifaransa. Mwalimu akiona inayopungua, aongeze. Hiyo ni faida ya kuwa na kiolezo: kuongeza hakuhitaji safari ya Uvira.

Bidoni ambayo haiingii darasani

Neno moja kama agronomu, na ninaomba mlirudie nyumbani. Plastiki ya bidoni ao chupa ya dawa za kunyunyizia isikatwe kwa kazi hii, hata kama imeoshwa mara kumi. Chupa tupu ya dawa inasuuzwa mara tatu, maji yake yanamiminwa ndani ya pompi ya kunyunyizia, halafu chupa inatobolewa ili mtu asiitumie tena. Haibebi maji, haibebi mafuta, haikatwi herufi za watoto.

Kiolezo hichohicho kinaweza kulinda watoto hao. Katika depo ya koperative, mbegu iliyopakwa dawa ikae katika mfuko ulioandikwa kwa rangi nyekundu: MBEGU – SI CHAKULA. Kwenye kabati la dawa: SUMU. Mtoto wa darasa la pili anayeweza kutengeneza neno "sumu" kwa vipande vinne vya kartoni ataweza kulisoma pia mlangoni mwa depo.

Makuta ya koperative yanahusika wapi

Mzee wa sanduku aliniuliza swali la haki: "Vifaa vya shule si kazi ya serikali?" Ndiyo, ni kazi ya serikali, na kusaidia leo kusitufunge mdomo kesho. Mwalimu mwenyewe naye hakufurahi mara moja. "Wengine wanapata mashini," alisema, "sisi tunapata makartoni?" Uchungu wake niliuelewa. Sikumwambia kwamba kartoni ni kitu kimoja na mashini. Nilimwambia kwamba kwa mtoto yule aliyeimba ukuta, kartoni itafanya kazi ambayo stika haifanyi.

Na koperative nayo inapata kitu. Violezo vile vinaandika jina la koperative na sezo kwenye mifuko yetu. Vipande vya namba vinasaidia memba ambao hawakufika shuleni: kwanza 0 hadi 9, halafu kilo, halafu kusoma mzani na kulinganisha na kijitabu cha mapokezi. Mama anayeweza kuona mwenyewe kwamba mzani unasema 87 na kijitabu kinasema 78 hahitaji mtu wa kumtetea. Makosa ya namna hiyo yanavunja koperative kuliko ukame.

Memba waliamua: mashini hapana. Sanduku lililipa nusu mita ya vinili, kopo moja la rangi ya mafuta na nyembe. Memba walileta kartoni, mifuko na unga. Walimu walichukua kazi ya kukagua, kama SENASEM wetu: kipande chenye herufi mbaya hakiingii darasani.

Niliporudi, mama mwalimu alikuwa amemwaga vipande mkekani. Binti yule alikaa mbele yake muda mrefu akitafuta. Alipata "m", akapata "a", akazigeuza mara mbili, akapata zile mbili zingine. Hakuimba. Alisoma polepole, kidole juu ya kartoni: ma-ma. Halafu akaomba "a" zingine, kwa jina lake.

Koperative inayotaka kuona violezo vya Mutarule initafute siku ninapotembelea mashamba ya mbegu kwenu. Nitavibeba pamoja na mizani. Ninyi mutayarishe kartoni, wembe na sufuria ya uji wa mihogo, na mwite walimu wakae nasi.